Naomba ushauri: mikorosho inasomeka kama msitu kwenye picha za setilaiti

Wakuu, habari za leo. Nipo Nachingwea, natengeneza ramani ya kuonyesha msitu umegeuka mashamba kiasi gani tangu miaka ya 1990. Natumia picha za setilaiti za Landsat, pikseli (nukta moja ya picha) ya mita 30 ardhini, na kwa miaka ya karibuni za setilaiti za Sentinel-2, pikseli ya mita 10.

Kinachonisumbua ni mikorosho. Picha za Mei, mvua zikiisha, mikorosho mikubwa na miombo (miti ya msitu wa asili) ni kijani kile kile, na programu inaita vyote msitu. Nikichukua za Agosti, miombo imepukutisha majani na mikorosho bado kijani, afadhali. Lakini hapo moto wa kiangazi umeshapita, na makovu yake meusi yanasomeka kama mashamba mapya ya ufuta. Linaniuma, maana kijiji kinataka kuitumia ramani hii kwenye mpango wa matumizi ya ardhi. Nikikosea, mtu anaweza kunyimwa shamba lake.

Nikiunganisha misimu miwili ya kila mwaka itatosha? Na usahihi wa miaka ya zamani mnaupimaje? Wazee wamenionyesha mashamba ya enzi hizo, nimepata pointi 60 za GPS. Ni chache?