Kamongo amepanda kupumua

*Kikundi: UKOO WA MZEE RAMADHANI. Jumapili, saa moja na dakika kumi jioni*

Mama Hawa: Asalaam aleikum. Ni Hawa, natumia simu ya mama. Shikamoo Babu, shikamooni wakubwa wote. Mwalimu wa sayansi amesema kesho kila mtoto wa darasa la sita aje na jambo moja la kushangaza, na awe tayari kulieleza akiulizwa maswali. Nisaidieni, tafadhali.

Babu: Marahaba mjukuu wangu. Waaleikum salaam.

Kaka Idi: Hawa, hili hapa, nimetumiwa leo:
*IMETUMWA MARA NYINGI: Binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake! Ukuta wa China unaonekana kwa macho ukiwa mwezini!*

Mama Mdogo Rehema: Idi mwanangu, hayo yote mawili si kweli. Ubongo wote hufanya kazi, hata ukiwa umelala. Na huo ukuta ni mrefu, ndiyo, lakini ni mwembamba. Kutoka mwezini hauonekani. Hawa, hayo usiyapeleke.

Kaka Idi: Sawa Mama Mdogo. Basi lile la Kayabwe, hapa Uganda. Mimi nalipita kila siku na abiria wa Masaka. Pale kwenye ikweta kuna mabeseni matatu. La upande wa kaskazini maji yanazungukia huku, la kusini yanazungukia kule, la katikati yanashuka wima. Nimeliona kwa macho yangu, kiua kinaelea kwenye maji na kinazunguka.

Mama Hawa: Hilo nalitaka!! Mama Mdogo, ni kweli?

Mama Mdogo Rehema: Ngoja nimalize kugeuza chapati.

Mama Mdogo Rehema: Haya. Idi hakudanganya, ameona alichoona. Lakini kinachozungusha maji pale ni namna anayeyamimina alivyoyamimina. Akimwagia upande wa kulia wa beseni, maji yanaanza mzunguko mdogo ambao jicho halioni, na tundu likifunguliwa ule mzunguko unakua. Ni kweli dunia inapozunguka inapindisha vitu vinavyosafiri, upepo na bahari. Ila kwenye ikweta yenyewe nguvu hiyo ni sifuri, na hatua 20 kando ya mstari ni kama haipo. Haiwezi kushinda mkono wa mtu aliyemimina maji sasa hivi.

Kaka Idi: Kwa hiyo hata kwingine maji hayafuati dunia?

Mama Mdogo Rehema: Yanafuata, lakini kwa subira kubwa. Mwaka 1962 Marekani, mtu mmoja aitwaye Ascher Shapiro alijaza tangi la duara lenye upana wa mita 1.8 hivi. Akalifunika, akaliacha siku nzima, saa 24, hadi maji yakasahau kabisa yalivyomiminwa. Ndipo akalifungua taratibu. Dakika nyingi zilipita maji yakishuka kimya, halafu yakaanza kuzunguka kinyume cha mshale wa saa, kama ilivyotarajiwa kaskazini mwa dunia. Miaka mitatu baadaye wenzake wa Sydney, Australia, wakafanya hivyohivyo, yakazunguka upande wa pili.

Mama Mdogo Rehema: Na hapo ndipo penye jambo letu sisi. Kimbunga kikubwa cha baharini, kama Idai kilichoipiga Msumbiji mwaka 2019, kinahitaji ule msokoto wa dunia ili kianze kuzunguka. Karibu na ikweta, ndani ya nyuzi 5 hivi za latitudo kila upande, msokoto ni dhaifu mno, vimbunga vile karibu havizaliwi kabisa. Uganda yote iko ndani ya hizo nyuzi 5.

Babu: 🎤 *ujumbe wa sauti, 0:48*

Shangazi Zainabu: Arua mtandao unasuasua, sauti haifunguki. Babu anasemaje?

Mama Hawa: Babu anasema alipokuwa jeshini waliambiwa mtu akiwa ikweta uzito wake unapungua, na yeye hajawahi kuamini. Anauliza kama ni kweli.

Mama Mdogo Rehema: Ni kweli Babu. Ukilinganisha na ncha za dunia, hapa tunapungua karibu nusu ya asilimia moja. Mtu wa kilo 70 anapungua kama theluthi ya kilo. Dunia imevimba tumboni, kwa hiyo sisi tuko mbali zaidi na kitovu chake, kilomita 21 hivi kuliko aliye ncha ya kaskazini. Na inatuzungusha kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, ikitutupa nje kidogo. Lakini mizani ya mawe ya sokoni haitakuonyesha, maana mawe nayo yamepungua pamoja na wewe. Inatakiwa mizani ya springi.

Babu: Kilomita 1,670 kwa saa na chai haimwagiki. Subhanallah.

Mjomba Kassim: Salaam aleikum. Nilikuwa napakua barafu hapa mwaloni Ggaba. Hawa, achana na maji. Njoo kwa samaki. Leo nimeletewa mamba wawili wazima.

Mama Mdogo Rehema: Mamba?? Yule mwenye meno?

Mjomba Kassim: Haha, hapana dada. Nimekaa na Waganda mpaka nimechukua neno lao. Emmamba. Kamongo.

Mjomba Kassim: 📷 *picha*

Mama Hawa: Mjomba mbona yuko kama nyoka? Na mapezi yake ni nyuzi!

Mjomba Kassim: Ndiyo huyo. Huyu ukimzuia chini ya maji anakufa.

Mama Hawa: Samaki anakufa kwa maji?

Mjomba Kassim: Wavuvi tunalijua. Akinaswa kwenye nyavu za chini na asiweze kupanda juu, unamkuta amekufa. Anahitaji hewa kama wewe.

Shangazi Zainabu: Ana mapafu huyo. Matamvua yake madogo hayamtoshi akishakua.

Mama Mdogo Rehema: Kassim, umegusa penyewe. Ila Hawa, kabla hujachagua, acha nikupe la nyumbani kwetu Tanzania, maana nisipolisema sitalala. Mwaka 1963, shule ya Magamba kule Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza askrimu. Unachemsha maziwa na sukari, unayaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Kijana Erasto Mpemba akaona nafasi kwenye friji inaisha, akatia yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyoingizwa bila kuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Hakunyamaza. Alipofika sekondari ya juu Mkwawa, Iringa, akaja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, Mpemba akamuuliza swali lilelile mbele ya wenzake. Wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakaandika makala pamoja. Leo dunia nzima inaita jambo hilo kwa jina la Mpemba.

Kaka Idi: Kwa hiyo maji ya moto yanaganda haraka kuliko ya baridi?

Mama Mdogo Rehema: Wakati mwingine, na wanasayansi bado wanabishana lini na kwa nini. Wengine wamejaribu kwa vipimo makini sana, hawakuliona kabisa. Kwa hiyo Hawa akilipeleka aseme hivyo, asiseme "siku zote".

Mama Hawa: Nitaulizwa maswali mengi sana hapo 😟

Shangazi Zainabu: Basi nisikilizeni na mimi, kwa kuwa mmefika kwa watu waliouliza. Nilipoanza uuguzi nilikuta watoto wadogo wanaletwa taya limevimba, meno yamelegea, jicho limesukumwa nje. Uvimbe ule unaweza kukua maradufu kwa siku chache. Nilimshika mmoja mapajani, wa miaka mitano, aliniomba maji kwa mkono kwa sababu mdomo haukuweza. Siwezi kumsahau.

Shangazi Zainabu: Ugonjwa huo ni saratani, na ulielezwa kwanza hapa Uganda. Daktari mpasuaji Denis Burkitt alikuwa hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda mfupi baadaye akiwa Jinja akaona mwingine kupitia dirishani, ameketi kwenye nyasi. Akaanza kujiuliza kwa nini hapa na si pale. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakanunua gari kuukuu wakazunguka Afrika mashariki na kusini wiki 10, kama kilomita 16,000, wakiuliza kila hospitali na picha mkononi. Mmoja wa hao wawili alikuwa Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, hapa hapa karibu na Arua.

Kaka Idi: Kuluva hii hii?

Shangazi Zainabu: Hii hii. Wakagundua ugonjwa unakaa kwenye joto na mvua, kule kwenye malaria. Milimani kwenye baridi haupo.

Shangazi Zainabu: Sasa sikiliza Hawa. Huko London mtafiti Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubia, akashuku kuna virusi. Vipande vya uvimbe vikawa vinasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Miaka miwili na zaidi, hakuna kitu. Desemba 1963 ndege ikakuta ukungu London, ikapelekwa Manchester. Mzigo ulipofika jioni, maji ya ile chupa yalikuwa na weupe wa tope. Mtu yeyote wa maabara angesema yameoza, mwaga. Yeye akaweka tone chini ya hadubini. Hayakuwa yameoza. Ule mtikisiko wa safari ulikuwa umeng'oa seli za uvimbe, zinaelea zenyewe, hai. Zikaoteshwa. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakaviona virusi ndani yake. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Mama Hawa: Shangazi, virusi hivyo bado vipo?

Shangazi Zainabu: Vipo mwilini mwa zaidi ya watu 9 kati ya 10 duniani, na wengi hatutajua kamwe. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inavisaidia kuleta yale mavimbe kwa watoto wetu. Lakini saratani hii inakubali dawa. Mtoto akiwahishwa anaweza kupona kabisa. Mama yeyote aliye humu, ukiona taya la mtoto linavimba usisubiri kusema ni jino.

Mama Hawa: *(mama mwenyewe sasa)* Wifi, asante. Nimesoma mara mbili. Yule wa mapajani alipona?

Shangazi Zainabu: Alipona. Ana watoto wake sasa.

Babu: Alhamdulillah.

*Saa tatu kasoro*

Mama Hawa: Hawa tena. La Shangazi ni kubwa, nitalihifadhi. Lakini kesho nataka kamongo, kwa sababu watoto wote wanamjua na hakuna anayejua. Mama Mdogo niambie yote.

Mama Mdogo Rehema: Ziwa au kinamasi kikikauka, anachimba tope, anajikunja, anajizungushia utelezi wake unaokauka kama karatasi, anaacha tundu la kupumulia. Hapo anakaa miezi bila kula, akila misuli yake mwenyewe. Mvua ikirudi anaamka.

Mama Mdogo Rehema: Vinasaba vyake: sisi tuna herufi kama bilioni 3. Kamongo wa Afrika wa aina moja iliyopimwa, bilioni 40. Sehemu kubwa ni marudio tu, usidhani ana akili mara 13.

Mama Mdogo Rehema: Na hili ndilo la kuwaambia. Weka pamoja ngege, kamongo na wewe. Nani ndugu wa karibu wa kamongo?

Mama Hawa: Ngege, wote samaki.

Mama Mdogo Rehema: Ni wewe. Ukoo wa ngege ulijitenga kwanza. Kamongo na wanyama wote wa miguu minne tulibaki nyumba moja, tukaachana baadaye, zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Wewe, mbuzi, kuku, chura, wote tuko karibu na kamongo kuliko ngege alivyo karibu naye. Kama vile wewe na Idi mna babu mmoja, na jirani mnafanana rangi ya shati tu.

Kaka Idi: Nimesimamisha gari kusoma hii.

Mama Hawa: Mjomba Kassim, naomba umhesabie anapumua kila baada ya dakika ngapi. Mwalimu anapenda vipimo.

Mjomba Kassim: Usiku huu?

Mama Hawa: Tafadhali Mjomba 🙏

Mjomba Kassim: Haya. Nimekaa juu ya kreti, nimeweka taa ya simu pembeni ya beseni. Yuko chini, ametulia kama gogo.

Mjomba Kassim: Dakika ya 4, amepanda. Ametoa pua nje, akafungua kinywa, akavuta. Sauti kama mzee anayefyonza chai ya moto. Vipovu viwili vimetoka pembeni, akashuka.

Mjomba Kassim: Amepanda tena, dakika 7 tangu ile ya kwanza.

Mjomba Kassim: Dakika 6. Nimeuza samaki hawa miaka 19, sijawahi kukaa kumtazama hivi.

Babu: Mtoto alale sasa.

*Jumatatu, saa kumi na moja jioni*

Mama Hawa: Shikamooni. Nilieleza! Niliwaambia 4, 7, 6. Mwalimu alichora ngege, kamongo na mtu ubaoni kama matawi. Halafu kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akasema yeye ni wa ukoo wa Mmamba, kwao kamongo haliwi, na bibi yake humwambia huyo ni wa kwetu. Darasa likanyamaza. Mwalimu akamwita mbele asimame kwenye tawi la kamongo, mimi nikasimama kwenye la mtu.

Mjomba Kassim: Mwambie aje mwaloni Jumamosi na bibi yake. Huyu wa beseni sijamuuza.