Zimebaki wiki tisa nifanye mtihani. Niache kukimbia ili nipate muda wa kusoma?

Kiti cha Nyuma

Habari zenu wadau. Nina miaka 43, mama wa watoto watatu. Shule niliiacha nikiwa na miaka 16, na mwaka jana nikarudi, darasa la jioni. Mtihani wa kumaliza sekondari uko wiki tisa mbele. Naomba ushauri wa waliopita njia hii, maana kwangu hakuna wa kumuuliza.

Muhula wa kwanza hisabati nilipata 19 kati ya 100. Alama yenyewe ningeivumilia. Mwalimu tuliyekuwa naye wakati huo alizisoma kwa sauti, jina kwa jina, na nilipofikiwa mimi wale vijana, wengi wao rika la mwanangu wa kwanza, walinyamaza kwa kunihurumia. Ukimya ule nililala nao. Alfajiri saa kumi na moja nikavaa raba za binti yangu nikatoka nje. Mazoezi sikuyafikiria kabisa. Nilitaka kuwa mahali ambapo hakuna anayenitazama.

Nilikimbia kutoka nguzo moja ya umeme hadi ya pili, nikainama mikono magotini, kifua kinawaka moto. Nikatembea nguzo mbili. Nikakimbia tena moja. Kesho yake hivyo hivyo. Baada ya wiki tatu nakimbia nguzo tatu, natembea moja. Mwezi wa nne nikamaliza kilomita tano bila kusimama, kwa dakika 44, nikalia peke yangu barabarani.

Kule ndiko nilikojifunza kwamba ile sauti ya "huwezi" hunijia nguzo ya pili, na nikifika ya nne imeshanyamaza. Sasa hata swali la hisabati nalifanya hivyo: naandika mstari mmoja, nafika, naangalia unaofuata.

Kuna asubuhi moja lazima niwasimulie. Darasani tulikuwa kwenye kukamilisha mraba. Tunaambiwa kwenye x² + 6x ongeza 9, nami naongeza, lakini hiyo 9 imetoka wapi? Nikiwa njiani nikaanza kuiona x² kama kiwanja cha mraba, kila upande x. Ile 6x nikaipasua vipande viwili virefu, kila kimoja upana wa 3. Kimoja nikakilaza ubavuni mwa kiwanja, kingine chini yake. Pembeni pakabaki kona tupu, 3 kwa 3. Tisa! Nilisimama, nikaokota kijiti, nikachora mavumbini huku jasho linadondokea mchoro. Mtihani uliofuata nikapata 58.

Sasa dada yangu ananiambia niache mbio hadi mtihani upite. Nimepiga hesabu: asubuhi nne kwa wiki, na kuoga, ni kama dakika 70 kila mara. Kwa wiki tisa ni saa 42. Kwa mtu mwenye kazi mchana na darasa jioni, saa 42 ni nyingi mno. Tena tangu wiki iliyopita ugoko wa kushoto unauma. Je, niache?

Bado Nasoma

Dada, hongera sana. Mimi nililifanya hilo analokushauri dada yako. Nilikuwa na baiskeli, nikaiegesha miezi miwili kabla ya mtihani ili nisome. Saa zile hazikwenda vitabuni. Nilianza kulala usiku wa manane, naamka nimechoka, nafungua daftari nasoma ukurasa ule ule mara tatu. Masomo manne nilifanya, nikafaulu moja. Jiulize kwa ukweli kabisa: saa kumi na moja alfajiri, usipokuwa barabarani, utakuwa mezani au kitandani?

Mbio za Taratibu

Kwanza huo ugoko, maana hujausemea vya kutosha. Bonyeza mfupa kwa kidole kimoja. Kama maumivu yametanda kando ya mfupa na yanapungua mwili ukipata joto, punguza umbali, tafuta njia ya udongo badala ya lami. Kama yako mahali pamoja penye kuchoma, na unayasikia hata ukitembea au ukilala, usikimbie hata nguzo moja kabla hujaonana na daktari, kwa sababu mfupa unaweza kuwa na ufa. Na raba za binti yako, hapana dada yangu. Mguu wako una haki ya kiatu chake.

Nikirudi kwenye swali: usiache, punguza. Wakimbiaji wa marathoni wenyewe hupunguza mazoezi wiki mbili tatu za mwisho ili wafike siku yenyewe miguu ikiwa mipya, na pumzi waliyoijenga kwa miezi haiwapotei. Fanya mara tatu kwa wiki, nusu saa, mwendo ambao unaweza kusema sentensi nzima bila kukatika. Hizo ni dakika 90. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali kwa wiki, au 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, kwa hiyo ukijazia na kutembea hujaharibu kitu.

Roger Bannister, mtu wa kwanza kukimbia maili moja chini ya dakika nne, tarehe 6 Mei 1954, alikuwa mwanafunzi wa udaktari. Alifanya mazoezi mafupi kwa sababu ya masomo. Akatumia dakika 3 na sekunde 59.4.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, nimefundisha hisabati miaka mingi, na huo mchoro wako wa mavumbini umenigusa. Karne ya 9, kule Baghdad, mwanahisabati al-Khwarizmi alieleza jambo hilo hilo kwa mchoro wa namna hiyo. Mfano wake ulikuwa x² + 10x = 39. Hukuwa umekariri kitu, ulikuwa umekielewa, na wanafunzi wanaofika hapo si wengi.

Nakubaliana na wenzangu. Utafiti mmoja uliotoka Marekani mwaka 2011 ulichukua wazee 120, nusu wakatembea kwa kasi mara tatu kwa wiki mwaka mzima, nusu wakanyoosha viungo tu. Waliotembea, ile sehemu ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu, hipokampasi, iliongezeka kwa kama asilimia 2. Ya wale wengine ilipungua. Lakini sikiliza: mbio hazitakufungulia kitabu. Ukikimbia kisha usisome, utafeli ukiwa na afya njema.

Kwa hiyo ziunganishe. Kabla ya kutoka soma swali moja tu, liweke kichwani, uende nalo. Ukirudi, hata kabla ya kuoga, liandike bila kuchungulia. Siku tatu baadaye lirudie, na wiki ijayo tena. Tangu Ebbinghaus, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alipochapisha majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885 tunajua kwamba kinachorudiwa kwa kuachia nafasi hukaa kuliko kinachosongwa usiku mmoja. Hata miguu yako uliijenga hivyo, nguzo chache kila siku.

Kiti cha Nyuma

Shikamoo mwalimu, na wote mlionijibu nawashukuru kutoka moyoni. Bado Nasoma, swali lako nimelijibu: ningekuwa kitandani.

Nimebonyeza ugoko kama nilivyoelekezwa. Maumivu yametanda, hayako mahali pamoja, ila wiki hii natembea tu, na raba za kipimo changu nitazitafuta Jumamosi. Nikianza tena ni siku tatu, nusu saa.

Leo alfajiri nilitoka na ile x² + 10x = 39. Vipande viwili vya upana wa 5, kona 5 kwa 5, nikaipata 25 nikiwa nguzo ya saba. 39 na 25 ni 64, upande wote 8, toa ile 5, x ni 3. Nikarudi mbio mbio, ugoko nikausahau, nikaandika nikiwa nimesimama. Lakini kwa njia ya darasani linakuja na jibu la pili, -13, nami nimelihakiki, ni sahihi. Kwenye mchoro silioni. Liko wapi mwalimu?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Halimo, kwa sababu upande wa kiwanja hauwezi kupungua chini ya sifuri. Al-Khwarizmi naye alitoa 3 peke yake. Wewe kwenye mtihani andika yote mawili.

Keshokutwa nenda na hili, tena kwa kutembea: x² + 8x = 20.