Tepu za mgongo: zinatibu au zinatuliza tu?

Baba Warda:
Habari za jioni wakuu. Mimi ni dereva wa lori, napiga Dar–Tunduma, na mzigo ukiwa wa Kongo navuka mpaka Lubumbashi. Kiuno kinanisumbua tangu mwaka jana. Panauma chini kabisa, juu kidogo ya makalio, kulia ndiko kumezidi. Nikiwa kwenye usukani navumilia; kasheshe ni kushuka. Nikishamaliza mlima wa Kitonga na kusimama Ilula kunywa chai, nashuka nimejikunja hadi utingo wangu ananiita babu. Nikitembea tembea panalegea. Mguuni maumivu hayashuki.

Juzi nikiwa Dar, kijana mmoja anayefundisha mazoezi alinibandika zile tepu za rangi wanazovaa wachezaji. Vipande vitatu, vyekundu. Eti nyekundu inapasha moto, bluu inapoza. Elfu ishirini na tano ikaondoka. Nisiwe mnafiki wakuu, hadi Makambako nilikuwa mtu mpya kabisa. Foleni ya Tunduma ndiyo iliyonirudisha palepale. Halafu kwenye ncha za tepu pakaanza kuwasha, nilipobandua nikakuta malengelenge.

Sasa nauliza: hiki kitu kinatibu, au nimelipia rangi? Nikinunua roli yangu ya tepu, utingo anaweza kunibandika? Vidonge vya maumivu, diklofenaki, msiniambie, nimezimeza mpaka tumbo linawaka.

Chuma cha Mbagala:
Mkuu, mkumbuke Balotelli wa Italia, Euro 2012. Kawafunga Wajerumani mbili, kavua jezi, mgongoni tepu za bluu. Wewe ulibandikwa nyekundu, ndiyo maana umekwama Tunduma 😂

Mzee wa Mizani:
Achana na mambo ya wachezaji. Nenda Kariakoo katafute mkanda mpana wa kubana kiuno, ule wenye vyuma nyuma. Mimi naufunga nikitoka Dar naufungua nikifika. Usiku unajichua kwa dawa ya kuchua, basi.

Fizio wa Nyanda za Juu:
Baba Warda pole. Nafanya kazi ya fiziotherapia Mbeya, na migongo ya madereva wa njia hiyo ndiyo mkate wangu wa kila siku, kwa hiyo nivumilie nikirefusha.

Rangi kwanza tuiondoe. Tepu nyekundu na bluu ni kitambaa kilekile cha pamba chenye gundi ileile. Aliyezianzisha ni Mjapani, Kenzo Kase, miaka ya 1970, na wazo lake lilikuwa kwamba tepu ikivutwa inainua ngozi, ikatengeneza vikunjo vidogo, na nafasi chini yake ikapunguza maumivu. Wabrazili walilijaribu wazo hilo kwa wagonjwa 148 wenye maumivu sugu ya kiuno, matokeo yakatoka 2014. Nusu walibandikwa tepu iliyovutwa ikafanya vikunjo, nusu wakabandikwa bila kuvutwa. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hakuna lililolipita lingine. Kwa hiyo vikunjo siyo dawa.

Lakini nafuu yako hadi Makambako sikukatalii. Ngozi ikiguswa muda wote, ubongo unapokea habari nyingine pamoja na ile ya maumivu, na mtu anapata ujasiri wa kujinyoosha. Mimi mwenyewe huwa nabandika, hasa kwa mgonjwa anayeogopa kuinama. Ila namwambia palepale: hii inakupa siku mbili tatu za kusogea bila woga, zitumie kusogea. Wewe ulizitumia kukaa kwenye kiti.

Malengelenge yamekuja kwa sababu kijana alivuta tepu mpaka mwisho. Ncha zote mbili, kama vidole viwili hivi, hulazwa bila kuvutwa hata kidogo. Katikati ndipo unavuta, na kidogo tu. Utingo anaweza kabisa. Ngozi iwe safi, kavu, haina mafuta wala dawa ya kuchua. Akate pembe za tepu ziwe mviringo zisinase kwenye shati. Wewe inama kama unarukuu, mikono juu ya bampa, yeye alaze kipande kimoja kila upande wa uti wa mgongo, kuanzia juu ya makalio hadi mbavu za chini. Kisha asugue kwa kiganja, gundi ile inashika kwa joto. Inakaa siku tatu hadi tano, kuoga ruksa. Kuitoa, paka mafuta ya nazi, shikilia ngozi, bandua taratibu kufuata vinyweleo vinakolalia. Sasa hivi lakini usibandike chochote mpaka ngozi ipone, na ikiwasha tena, itoe siku hiyohiyo.

Mzee wa Mizani, shikamoo. Mkanda naomba tupingane kidogo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haupendekezi mikanda hiyo. Unasisitiza elimu na mazoezi.

Baba Warda:
Dada ubarikiwe. Ila mazoezi yapi kwa mtu anayeishi ndani ya kichwa cha lori? Na diklofenaki hujaisema.

Fizio wa Nyanda za Juu:
Diklofenaki na tumbo linalowaka haviendi pamoja. Iache, uone daktari kuhusu hilo tumbo, na upimwe presha na figo ukiwa hapo.

Mazoezi yako yaanzie kwenye kushuka. Madereva wengi mnaruka kutoka juu na miguu inatua lami kwa kishindo, baada ya saa nne za kukaa. Geukia lori, shika vishikio, shuka ngazi moja moja. Ukifika chini usikimbilie turubai wala tairi. Zunguka lori mara mbili kwanza. Pochi itoke mfuko wa nyuma, najua ipo, tena upande huohuo wa kulia. Taulo likunje uliweke kiunoni ukiendesha. Kwenye foleni ya mizani teremka utembee. Jioni tandika mkeka, lala chali, kunja magoti, inua makalio na kushusha polepole mpaka uchoke kiasi. Kisha lala kifudifudi, jisukume kwa mikono kifua kiinuke, kiuno kikibaki chini. Maumivu yakianza kushuka mguuni, acha hilo la pili.

Kuna maswali ambayo kijana wa mazoezi hakukuuliza. Usiku unatoka jasho la kulowesha shuka? Homa za jioni? Umepungua? Kifua kikuu cha mifupa ya mgongo tunakiona huku, na kimeshajificha chini ya tepu na mikanda ya watu. Na siku ukishindwa kuzuia mkojo au choo, sehemu za siri zikafa ganzi, au miguu ikaishiwa nguvu, paki hapohapo uende hospitali, usisubiri kufika.

Baba Warda:
Jasho la usiku hapana, homa hapana. Kupungua ndiyo kabisa, tumbo linagusa usukani. Pochi umejuaje dada? Alhamisi napakia, Jumamosi nitakuwa Mbeya. Mnafungua?

Fizio wa Nyanda za Juu:
Jumamosi kwetu ni dharura tu. Pita ukirudi, siku ya kazi asubuhi. Uje na utingo, nimfundishe kubandika. Na usijipake dawa ya kuchua siku hiyo, nataka kuiona ngozi.

Mzee wa Mizani:
Marahaba binti. Na mimi nitapita. Mkanda nitakuja nao.