Umeme wa Ethiopia uje Kaskazini: tunanunua nini hasa?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Machi 2025 Rais Samia alisema akiwa Kilimanjaro kwamba tutanunua umeme Ethiopia, upitie Kenya, uhudumie Kaskazini. Watu waliwaka, nami nikiwemo. Bwawa la Nyerere, kule mto Rufiji, lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115, na kilele cha matumizi ya nchi nzima wakati ule kilikuwa kinacheza kwenye 1,900. Una kisima uani halafu unanunua madumu kwa jirani?

Sasa nimepunguza moto, ila sijazima. Umeme wa Rufiji hauko Arusha. Ukipitia Hale, Tanga, kwenda Moshi unakuta laini ya kilovoti 132. Mzigo uleule, kwenye waya uleule, ukisafirishwa kwa 132 badala ya 400, mkondo unakuwa mara tatu na upotevu karibu mara tisa. Serikali ilitaja hasara ya shilingi bilioni 32 kwa mwaka kwa umeme unaopotea njiani kwenda Kaskazini. Na laini ya kilovoti 400 ya kutoka Isinya, Kenya, hadi Singida imeshajengwa, inapita mpakani Namanga.

Kinachoninyima usingizi ni mkataba. Tutalipia uniti tulizotumia, au tutalipia tulichotengewa hata tusipokigusa? Waulizeni Wakenya. Mitambo ya upepo ya Turkana, megawati 310, ilikuwa tayari 2017. Laini ikachelewa hadi 2018, na wananchi wakabebeshwa faini kwa umeme ambao haukuwahi kufika kwenye gridi.

Mchangiaji, Mbeya

Mkuu, umesahau mvua. Nyanda za juu za Ethiopia zinapata mvua kubwa Juni hadi Septemba, kipindi ambacho huku kwetu kwenye vyanzo vya Rufiji ni kiangazi. Wao mabwawa yakijaa, sisi tunaanza kubana maji. Hata tungekuwa na laini nzuri, kubadilishana kungekuwa na maana. Hiyo ndiyo hoja ya kuuza na kununua, siyo hasara ya njiani peke yake.

Mchangiaji, Moshi

Hoja ya mvua nzuri, ila mwaka wa ukame mkali je? Jirani ataanza kuwasha kwake. Halafu Kenya atadai chake cha kupitisha. Mimi naogopa jambo moja: tukishazoea cha Namanga, laini za ndani zitaahirishwa kila bajeti.

Mleta mada

Wa Mbeya, hilo la misimu limenigusa, nalikubali. Basi mkataba uwe wa miezi ya kiangazi, na tuwe na haki ya kuwauzia masika. Wa Moshi, hofu yako ninayo pia.

Kuna mtu humu amewahi kuona hesabu ya saa kwa saa? Sitaki wastani wa mwaka, huo unaficha saa mbili usiku, na Kaskazini inazidiwa saa hiyohiyo.