Jengo halijapata wapangaji wote, cheti cha kijani naweza kuomba?

Kiguu2: Wakuu naombeni ushauri wa haraka, nina jengo la ofisi ghorofa sita, mbili tu ndo zina watu, nne tupu hazina hata sakafu ya maana. Nataka cheti cha LEED, kile cha Marekani cha majengo yasiyoharibu mazingira, ngazi ya Gold. Wanakubali hivyo hivyo au nisubiri lijae? Usingizi sipati.

Nyundo_Kavu: Mbona wanakubali. Kuna kundi la Core and Shell, mwenye jengo unashughulika na umeme, mabomba, mitambo ya hewa na mfumo wa kuzima moto, humo ndani mpangaji atajijua. Kama zaidi ya asilimia 40 ya eneo la sakafu haijamaliziwa ndo kundi lako hilo. Gold ni pointi 60 hadi 79. Ila ilitakiwa uanzie kwenye michoro, kuna vitu vya site kama kuzuia udongo na vumbi wakati wa ujenzi ambavyo huwezi kurudi kuvifanya saivi.

Bibi_Sofa: Mimi nimewahi kupanga kwenye jengo la "kijani", vioo kila upande, mchana jua linatuchoma tunashusha mapazia halafu tunawasha taa. Kijani kilikuwa rangi ya lifti.

Kiguu2: Sikusajili mapema, mambo yalikuwa mengi. Nikawaza niende tu lile kundi la LEED la majengo yanayotumika tayari, wanaangalia bili za miezi 12, na ghorofa nne ziko giza kwa hiyo umeme wangu mdogo mno, si ndo ufanisi wenyewe?

Nyundo_Kavu: 😂😂 Gari limepaki unasifia halili mafuta! Kule jengo liwe na watu kweli mwaka mzima, na wanataka kujua ni wangapi. Hebu kwanza, haraka ya nini? Kuna kitu hujasema.

Kiguu2: Sawa. Mpangaji wa ghorofa ya pili tulisaini kuwa cheti kitoke ndani ya mwaka, kikikosekana anahama bila faini. Imebaki miezi minne. Na bango lipo nje, limeandikwa LIMETHIBITISHWA. Msinihukumu, dalali alisema wote wanaandika hivyo.

MzeeWaHesabu: Sahihi kaweka dalali? Enzi zetu mtu unaandika INAPANGISHWA, basi.

Tundu: Hii chai. Mpangaji makini hivyo hakuuliza kama jengo limesajiliwa? Subirini, sasa hivi anatokea konsalta na namba ya simu.

Bibi_Sofa: Na kajiunga leo.

Kiguu2: Sio chai jamani! Nimejiunga leo kwa sababu shida ni ya leo.

Nyundo_Kavu: Iwe chai isiwe chai, wengine watasoma. Kuna EDGE, cheti kingine cha kijani cha IFC (tawi la Benki ya Dunia), majengo mapya na ya zamani wanapokea, unaonyesha umeokoa angalau asilimia 20 kwenye nishati, asilimia 20 kwenye maji na 20 nyingine kwenye nishati au hewa ukaa inayotokana na kutengeneza vifaa vya ujenzi. Hiyo inapigwa hesabu kutokana na jengo lilivyojengwa, giza lako halikusaidii. Ila mkataba ukitaja LEED basi EDGE sio LEED, kaongee na mpangaji. Na hao wajao waandikie kwenye mkataba taa gani na mabomba gani wafunge, la sivyo watakuharibia.

Kiguu2: Je nikipaka rangi hilo neno nikaandika LINATHIBITISHWA?

Tundu: Umesajili?

Kiguu2: Bado.

Tundu: Nunua rangi ya bango zima.