Radi imepiga mwamba nyuma ya nyumba, jiwe limebaki na kitu kama kioo cheusi

Kijana wa Igoma
Wakuu heshima kwenu. Nipo Mwanza, nyumba yetu imeegemea kabisa mwamba mkubwa kama mnavyojua mawe ya huku. Juzi usiku mvua kubwa ilinyesha na radi moja ikapiga karibu mno, yaani mwanga na mlio vilikuja pamoja, masikio yakaziba. Asubuhi tunapanda juu tunakuta kipande cha mwamba kimebanduka, bapa kama sinia kubwa, vipande vidogo vimerukia mpaka kwenye tuta la mchicha hatua kama kumi na tano hivi, na pale palipopigwa kuna michirizi myeusi inang'aa kama mtu kamwagia vanishi, ukipitisha kidole unasikia vijitundu. Mbuzi wawili waliokuwa wamelala chini ya mwamba wamekufa bila hata jeraha la kuonekana.
Sasa bibi anasema hilo ndo jiwe la radi, limeshuka na radi kutoka juu, tusiliguse. Jana kaja mtu hatumjui anataka kulinunua kwa laki nne. Naomba kueleweshwa, radi inaweza kuyeyusha jiwe kweli? Na hilo jiwe lina umeme bado? Watoto wanacheza pale kila siku ndo maana nina wasiwasi.

Mama Neema
Poleni sana kwa mbuzi kaka. Huyo mnunuzi muogopeni, leo anakuja na laki nne kesho anakwambia kuna mteja wa mamilioni ila kwanza utoe hela ya kulisafisha jiwe. Nimeona mtu wa karibu yangu akiuza shamba kwa mtindo huo huo.

Mpima Miamba
Mkuu, nimesoma jiolojia na hiki ulichoandika nimekisoma mara tatu kwa furaha, samahani kwa mbuzi lakini.
Mfikishie bibi shikamoo yangu halafu umwambie kwa adabu kwamba radi haishuki na jiwe. Jiwe lilikuwa hapo hapo, ni la kwenu, radi imelibadilisha tu. Shoka za mawe za watu wa kale zikifukuliwa na mvua shambani watu sehemu nyingi duniani wamezichukulia kuwa ndo jiwe lililoanguka na radi, kwa hiyo bibi hayuko peke yake kabisa.
Kilichotokea ni hivi. Njia ya radi hewani inafika joto la nyuzi kama 30,000 za sentigredi, wakati uso wa jua hauzidi sana 5,500. Granaiti, yaani huo mwamba wa kwenu, ina madini ya feldispa, ulanga na kwatzi, na hata kwatzi ambayo ni ngumu kuyeyuka kuliko zote hapo inayeyuka kwenye nyuzi kama 1,700, kwa hiyo ngozi ya juu ya jiwe inaiva na kuwa majimaji kwa kufumba na kufumbua halafu inapoa haraka hivyo hivyo, haipati muda wa kujipanga upya kuwa punje, inabaki kioo. Hivyo vijitundu ulivyosikia na kidole ni mapovu ya mvuke yaliyogandia humo. Kioo hicho kinaitwa fulguraiti. Kwenye mchanga kinakuwa mrija mtupu ndani, unashuka chini kama mzizi, mwanasayansi Charles Darwin alikuta mirija hiyo kwenye matuta ya mchanga kule Maldonado Uruguay. Kwenye mwamba ndo kinakuwa kama chako, utandu mwembamba tu juu.
Kuhusu watoto, jiwe halibaki na umeme hata kidogo, wacheze. Ila mawingu yakianza kukusanyika washuke na wasijifiche chini ya mwamba, maana ndo kilichowaua mbuzi, umeme ukifika chini unasambaa ardhini na mnyama ana miguu minne iliyoachana unaingia mguu huu unatokea mwingine, na pia unaweza kuruka kutoka ukingo wa jiwe juu mpaka chini ukipitia kwa aliyejikinga katikati.

Mpasua Kokoto
Mimi kazi yangu ni kupasua mawe haya haya ya Mwanza zaidi ya miaka kumi. Sisi tunawasha magogo au matairi juu ya mwamba tunaacha uchomeke masaa halafu unabanduka magamba tunagonga na nyundo. Sijawahi kuona kioo hata siku moja, masizi tu. Sasa kama ni joto mbona moto wetu hautoi kioo na radi ambayo ni sekunde moja itoe? Nauliza kwa kutaka kujua.

Mpima Miamba
Swali zuri mno hili na wewe ndo mwenye ushahidi mkononi. Moto wenu haufiki joto la kuyeyusha granaiti, unapasha tu taratibu, ngozi ya juu inatanuka kuliko ya ndani, ikishindwa kuvumilia inabanduka gamba. Radi inafanya kinyume, joto ni kubwa ajabu lakini muda ni mfupi mno kwa hiyo haliingii ndani, linayeyusha ngozi basi. Gamba la kwa Kijana limebanduliwa na kitu kingine, maji. Mwamba una nyufa, mvua imeshalowesha, umeme unapenda kupita penye maji, yale maji yanageuka mvuke ghafla na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,500 ya maji yaliyouzaa, hauna pa kwenda, unalipua jiwe kutoka ndani. Ndo maana vipande vilifika kwenye mchicha, moto wenu haurushi hivyo.
Na kuna la ziada ambalo moto hauwezi kabisa. Mwaka 2015 Reto Gieré wa University of Pennsylvania na wenzake walitoa utafiti wa granaiti iliyopigwa radi kusini mwa Ufaransa, sehemu inaitwa Les Pradals, wakakuta ndani ya punje za kwatzi chini ya kile kioo kuna mistari myembamba imejipanga sambamba. Mistari ya namna hiyo kwa miaka mingi ilikuwa ikionekana tu mtu anawaza kimondo kimeanguka hapo. Wao wakapiga hesabu kwamba radi ilisukuma jiwe kwa mgandamizo wa zaidi ya gigapaskali 7, yaani kama mara 70,000 ya mgandamizo wa hewa hii tunayovuta. Kwa hiyo usione kioo tu, jiwe limepigwa ngumi.
Kijana, nikuombe kitu. Fungua dira kwenye simu, toa kava kama lina sumaku, kaa mbali na bati na nondo, pitisha simu polepole karibu na jiwe kuanzia mbali mpaka penye weusi. Utuambie sindano inafanyaje.

Kijana wa Igoma
Nimerudi. Nimefanya kama ulivyosema na nimerudia mara nne maana sikuamini. Mbali na pale kaskazini ni kaskazini ya ziwani kama kawaida. Nikisogea penye ile michirizi sindano inaanza kugeuka, upande wa kulia wa mstari inaenda huku na upande wa kushoto inaenda kule, nikivuka mita tatu hivi inatulia. Bibi alikuwa amesimama chini anaangalia, kauliza mwenyewe "sasa hiyo simu inaogopa nini."

Mpima Miamba
Mwambie bibi ameona jambo ambalo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, Jasper Knight na Stefan Grab, walilitumia milimani Drakensberg upande wa Lesotho, wakatoa kazi yao mwaka 2014. Walipita na dira kwenye vilele vya basalti, mwamba mweusi wa volkano, vyenye urefu wa zaidi ya mita 3,000, wakatenganisha mawe yaliyopasuliwa na radi na yale ambayo kila mtu alidhani yamepasuliwa na baridi na barafu. Umeme mkubwa ukipita unazungukwa na nguvu ya sumaku, zile chembe ndogo za chuma ndani ya jiwe zinalazimika kuelekea kufuata mzunguko huo na zinabaki hivyo. Ndo maana kulia na kushoto kwako zinapingana. Hata sumaku za asili zile za kuokota, zilizotumika kutengeneza dira za kwanza, kuna wanasayansi wanaosema ni radi iliyozifanya, maana zinapatikana juu juu ardhini sio kwenye kina.
Usiuze na usivunje, ukibandua kile kioo kinakuwa vumbi kisichosema kitu. Weka sarafu ya mia mbili pembeni kwa kipimo upige picha ya karibu, halafu chora kwa mkono sindano ilivyoelekea kila hatua moja. Ukiwa na rula ni bora zaidi.

Mpasua Kokoto
Kesho naenda na simu ya dogo kule machimboni. Kuna jiwe moja tulilikuta limepasuka lenyewe kabla hatujaweka moto, mzee wetu alikataa tusiliguse mpaka leo lipo.