Klorini kiasi gani kwa tenki la lita 5,000 la waliohamishwa na mafuriko?

Mwambao77
Wakuu, habari za kazi. Ziwa limepanda, nyumba za ufukweni huku kusini mwa Ujiji zimeingia maji na watu kama 400 wamehamia shule ya msingi. Tuna simtanki la lita 5,000, pampu ya kuvuta maji ziwani na ndoo ya klorini ya unga ya asilimia 70. Wengine wanataka tumwage kikombe kizima ndani ya tenki. Watoto wawili wameanza kuharisha. Tufanyeje?

FundiMajiKasulu
Poleni sana. Unga usimwagwe ndani ya tenki. Hauyeyuki wote, unatuama chini kwenye koki. Wa kwanza kuchota anapata maji makali, wa mwisho anapata yasiyo na dawa. Watu wakisikia harufu kali watarudi kunywa ya ziwani.

Tengenezeni dawa mama ya asilimia 1: lita moja ya maji safi, kisha tia gramu 15 za unga, yaani kijiko kikubwa kimoja kilichosawazishwa. Unga ndio uingie kwenye maji, si maji kwenye unga. Koroga, acha utuame, tumia maji ya juu.

Halafu jazeni ndoo nne za lita 20 kwa maji yaleyale ya ziwa. Kwa bomba la sindano tieni mililita 2, 4, 6 na 8. Korogeni, funikeni, subirini, kisha pimeni klorini iliyobaki kwa kifaa cha vidonge vya DPD, vinavyogeuza maji kuwa ya waridi kulingana na klorini iliyomo. Inayotakiwa ni ndoo yenye miligramu 0.5 kwa lita. Tuseme ni ile ya mililita 4: tenki lenu ni ndoo 250, kwa hiyo linataka mililita 1,000, lita moja tu ya dawa mama. Ni gramu 15 za unga kwa tenki zima! Imimineni tenki likifika robo, pampu itamalizia kuchanganya. Rudieni majaribio kila maji yanapobadilika, hasa baada ya mvua.

MaabaraYaMaji
Fundi kasema sawa, ila hapo kwenye "subirini" pana jambo. Maji ya Ziwa Tanganyika pH yake (kipimo cha tindikali) ni karibu 9, na ikizidi 8 klorini inafanya kazi polepole. Dakika 30 za kawaida hazitoshi. Ngojeni saa nzima, kwenye ndoo na kwenye tenki.

Jambo la pili ni tope. Mkivuta karibu na mdomo wa mto Luiche, tope litakula klorini na kuwaficha vijidudu. Sogezeni mpira mbali na ufuko, mdomo wake uning'inie chini ya boya bila kugusa mchanga. Msitegemee sana shabu ya kutuamisha tope, nayo kwa pH hiyo ni dhaifu. Bora maji yatuame kwenye chombo kingine kwanza.

ZamuYaUsiku
Hao watoto wasisubiri maji yapimwe. Dawa ya ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyotibiwa, ikipita saa 24 imwagwe, na mtoto apewe kidogo kidogo kwa kijiko hata akitapika. Wanaonyonya waendelee kunyonya. Toeni taarifa kituo cha afya leo hii. Kijijini Kagunga, ufukwe wa Tanganyika, Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walijaa ufukweni bila vyoo wala maji salama, kipindupindu kikalipuka kabla hawajamalizika kuvushwa kwa meli ya MV Liemba.

Pimeni pia kwenye madumu ya familia, maana maji mengi huchafukia huko. Klorini ikiwa chini ya 0.2, dumu ni chafu au watu wanachovya vikombe. Dumu la mdomo mwembamba ni salama kuliko ndoo wazi.

Mwambao77
Asanteni sana. Je, tenki litatosha? Na vyoo vya shule vimefurika.

FundiMajiKasulu
Siku za mwanzo kadirieni lita 7.5 kwa mtu, yaani 3,000 kwa siku. Mkitulia fikeni 15, ambayo ni 6,000, kwa hiyo tenki lijazwe mara mbili. Mjazo mmoja uwe usiku ili kukipambazuka maji yawe tayari. Likijaa lina tani tano, mkilikalisha kwenye udongo uliolowa litainama. Wekeni mifuko ya mchanga iliyosawazishwa.

Vyoo: anzeni na vinane, yaani watu 50 kwa tundu, mkielekea watu 20 kwa tundu. Sita viwe vya wanawake, viwe na kitasa kwa ndani na taa usiku. Viwe mita 30 au zaidi kutoka kwenye maji. Chimbeni kwanza shimo dogo la majaribio: sakafu ya shimo la choo inatakiwa iwe mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na ufukweni hapo huenda msiipate. Basi msichimbe, inueni choo juu ya mapipa yanayozibwa na kuondolewa.

Na ndoo ya klorini isikae stoo moja na petroli au oili ya injini za boti. Vikigusana vinawaka moto.